Baiskeli Moja, Kazi Nyingi: Namna ya Kuiboresha Baiskeli ya Chuma ya Bei Nafuu

Matini ya mazungumzo yetu na watumiaji wa bidhaa



Siku moja alifika mezani kwetu mlalamikaji aliyebeba tairi mbili mpya begani. Alikuwa amezinunua kwa ajili ya baiskeli yake ya mjini, aina ile inayoletwa nchini ikiwa imekwisha kutumika. Tairi zake kuukuu ziliandikwa 26, na tairi mpya ziliandikwa 26 vilevile. Hata hivyo, fundi alihangaika nazo asubuhi nzima bila kufanikiwa kuzivika kwenye rimu. Mwenye baiskeli aliporudi dukani alionyeshwa kibao ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Akatuuliza swali moja tu: katika jambo hili, nani mwenye kosa?

Jibu la swali hilo tutalitoa mwishoni, kwa kuwa linahitaji maelezo. Leo tunazungumzia namna mtu mwenye kipato cha kawaida anavyoweza kuchukua baiskeli ya chuma ya bei nafuu na kuifanya ifae kwa kazi nyingi: kwenda kazini, kuleta mahitaji ya nyumbani, kupita njia ya vumbi na kupanda mlima wa wastani. Jambo hili linawezekana, na wengi wamelifanya. Lakini linataka mpangilio, kwa sababu katika baiskeli badiliko moja huita jingine. Asiyejua mpangilio huo hununua vitu mara mbili, na wakati mwingine hulipa kwa mwili wake.

Tunatanguliza angalizo kwamba hatupendekezi chapa wala duka lolote. Tunapotaja aina ya baiskeli, tunafanya hivyo kwa ajili ya maelezo tu.

Kwa nini chuma

Baiskeli za chuma zinazopatikana kwetu kwa bei nafuu ni za makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni baiskeli nzito za kazi zenye magurudumu makubwa na breki za fito, ambazo umbo lake lilirithiwa kutoka Uingereza na baadaye likaendelezwa na viwanda vya China na India. Kundi la pili ni baiskeli za mjini zilizokwisha kutumika, nyingi zikiwa zimetoka Japani, ambako wenyewe huziita mamachari. Hizi huwa na kikapu mbele, madigadi, kinga ya mnyororo, stendi ya miguu miwili, na mara nyingine gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma.

Ubora wa chuma ni kwamba husameheka. Mdomo wa fremu unaoshika ekseli ya nyuma ukiwa mwembamba kwa milimita chache kuliko habu mpya, fundi mzoefu anaweza kuutanua bila kuuvunja. Alumini haikubali kutendewa hivyo. Chuma kikiharibika, mara nyingi hutoa dalili kabla ya kukatika. Tena, kikipata ufa, kinaweza kuungwa.

Hapo ndipo panapohitaji hadhari. Mabomba ya fremu ya baiskeli ni membamba. Fundi wa kuchomelea mageti, akitumia moto wa umeme uleule anaotumia kwenye nondo, anaweza kulitoboa bomba, au akaacha kiungo kinachoonekana imara huku chuma cha pembeni yake kimedhoofika. Njia salama zaidi ni kuunga kwa shaba kwa moto wa gesi, kazi inayofanywa na mtu aliyewahi kuunga fremu za baiskeli. Na ufa ukiwa kwenye foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ushauri wetu ni mmoja: usiungwe, ununuliwe mwingine. Foku ikikatika mwendoni, mpandaji hana nafasi ya kujiokoa.

Kabla ya kulipa

Uboreshaji huanza dukani. Hakuna kifaa kipya kitakachoiponya fremu iliyopinda, kwa hiyo fanyeni ukaguzi ufuatao kabla ya kutoa fedha.

Geuzeni baiskeli, mtazame sehemu ya chini mahali mhimili wa pedeli unapopita, kwa kuwa hapo ndipo maji hutuama na kutu hujificha. Pitisheni kidole kwenye maungio yote, hasa nyuma ya kichwa cha fremu. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba au iliyokunjamana ni dalili kwamba fremu iliwahi kugongwa.

Kisha chukueni uzi. Ufungeni kwenye mdomo wa nyuma wa upande mmoja, uzungusheni mbele ya kichwa cha fremu, mwurudishe hadi kwenye mdomo wa upande wa pili na kuukaza. Sasa pimeni umbali kati ya uzi na bomba lililosimama chini ya kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, acheni baiskeli hiyo hata kama rangi yake inang'aa. Kipimo hiki hakina gharama, na muuzaji mwaminifu hatakizuia.

Mwisho, itazameni baiskeli kutoka ubavuni. Bomba la kichwa cha fremu na sehemu ya juu ya foku vifuate mstari mmoja kabla foku haijapinda kuelekea mbele. Ikiwa foku imerudi nyuma, baiskeli hiyo iligonga kitu.

Kosa letu wenyewe

Ili tusizungumze kwa nadharia tupu, ofisini kwetu tulinunua baiskeli moja ya mjini iliyokwisha kutumika, yenye gia tatu za ndani, rimu za alumini, breki ya kubana rimu mbele na breki ya mkanda nyuma. Tuliipima kwa uzi, ikawa imenyooka. Ndipo tukafanya kosa ambalo wengi hulifanya: tukaanza na mambo yanayoonekana. Tulifunga keria kubwa, tukabadilisha kikapu, tukaweka kiti kipya. Tukaipaka habu ya nyuma mafuta mengi kwa nia njema, ili izunguke vizuri.

Wiki ya pili, baada ya mvua, mwenzetu alikuwa akirudi nayo kutoka sokoni akiwa na trei mbili za mayai kwenye keria. Kwenye mteremko unaoishia barabara kuu alibana breki ya nyuma, haikushika. Mafuta tuliyoyapaka yalikuwa yameingia kwenye mkanda. Alibana ya mbele: raba zake zilikuwa za zamani, zimekuwa ngumu kama pembe, na rimu ilikuwa imelowa. Aliamua kuelekeza baiskeli kwenye nyasi za kando kabla hajaifikia barabara kuu, akaanguka. Mayai yote yalivunjika. Yeye alichubuka kiwiko tu, na hilo tunalishukuru hadi leo, kwa kuwa wakati huohuo lori lilikuwa likipita.

Tangu siku hiyo tunafundisha mpangilio huu, na tunaomba muukariri: fremu, breki, magurudumu, gia, mzigo, taa. Urembo ni wa mwisho.

Breki

Raba za breki ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa kwenye baiskeli, na ndivyo vinavyopuuzwa zaidi. Zibadilisheni mara tu mnaponunua baiskeli iliyotumika, hata kama bado ni nene, kwa sababu raba huzeeka kwa miaka kama inavyozeeka kwa matumizi. Zikifungwa, zibane rimu peke yake. Raba inayogusa tairi huikata polepole hadi ipasuke. Ncha ya mbele ya raba itangulie kugusa rimu kwa milimita moja hivi, ili breki isipige kelele.

Breki ya mkanda na breki nyingine zilizofungwa kwenye habu hazitaki mafuta ya kulainisha yaingie ndani yake. Mkanda ukishalowa mafuta, dawa ni kuubadilisha na kusafisha vizuri ngoma yake. Ndivyo tulivyofanya.

Wenye baiskeli za breki za fito na rimu za chuma zenye kung'aa wanapaswa kujua jambo moja zaidi. Chuma hicho kikilowa huteleza, na umbali wa kusimama huongezeka sana. Dawa inayosikika mitaani ni kuweka rimu za alumini. Lakini breki za fito huvuta raba kwenda juu, zikagusa upande wa ndani wa rimu iliyotengenezwa kwa umbo maalumu. Rimu ya kawaida ya alumini haina umbo hilo. Kwa hiyo, ukibadilisha rimu utalazimika kubadilisha breki; ukibadilisha breki utahitaji mikono mipya, waya, na mahali pa kuzifunga kwenye foku. Gharama hiyo inaweza kufika karibu na bei ya baiskeli nyingine. Ikiwa baiskeli yenu ni ya fito, ni afadhali kuweka raba mpya zilizokusudiwa rimu za chuma, kurekebisha fito zote, na kupunguza mwendo mapema wakati wa mvua.

Kila asubuhi fanyeni jaribio hili. Sukumeni baiskeli mkiwa mnatembea, kisha mbane breki ya mbele: gurudumu la mbele ligome, na la nyuma lianze kuinuka. Rudieni kwa breki ya nyuma: gurudumu ligome na liburuzike. Mkono wa breki ukifika hadi kwenye usukani kabla breki haijashika, baiskeli hiyo isipandwe.

Magurudumu na tairi

Hapa ndipo alipoangukia mlalamikaji wetu. Namba kubwa iliyochapwa kwenye tairi, kama 26 au 28, ni jina la biashara zaidi kuliko kipimo. Kipimo cha kweli ni namba mbili zenye kistari kati yake, zilizochapwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa tairi. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu, nacho pia ni kwa milimita.

Tairi ya baiskeli nyingi za mjini kutoka Japani inayoitwa 26 huandikwa 37-590. Tairi ya kawaida ya baiskeli ya milimani iliyozoeleka kuitwa 26 huwa na kipenyo cha 559. Tofauti ni milimita 31, na hakuna fundi atakayeifuta kwa nguvu za mikono. Vivyo hivyo kwa zile zinazoitwa 28: baiskeli kubwa za kazi za mtindo wa zamani hutumia 635, ilhali nyingi za kisasa hutumia 622. Kwa hiyo nendeni dukani na namba zenye kistari. Namba ya pili lazima ilingane kabisa. Namba ya kwanza inaweza kuongezeka kidogo ikiwa nafasi iliyopo chini ya madigadi na kati ya mikono ya breki inaruhusu; tairi pana zaidi huvumilia mashimo na mchanga.

Tairi ikiwa na mistari ya wastani, isiyo na meno makubwa, inatosha kwa lami na kwa vumbi. Meno makubwa huifanya baiskeli iwe nzito kwenye lami, ambako wengi wetu hutumia sehemu kubwa ya safari.

Kuhusu upepo, fuateni shinikizo lililochapwa kwenye tairi. Baiskeli nyingi za Japani huja na valvu ya mtindo wa zamani inayohitaji pampu ya mkono. Mnaponunua tyubu mpya mnaweza kuchagua yenye valvu kama ya gari, mkihakikisha kwanza kwamba inapita kwenye tundu la rimu. Hapo mtaweza kujaza upepo katika kituo cha mafuta. Lakini ombeni ujazwe kidogo kidogo: tyubu ya baiskeli ni ndogo, na mashine iliyozoea malori huipasua kwa sekunde chache.

Kabla ya kuondoka kwa fundi, bonyezeni spoku mbili mbili kuzunguka gurudumu lote. Zote za upande mmoja ziwe na mkazo unaokaribiana. Spoku moja iliyolegea huwaachia jirani zake mzigo, nazo hukatika moja baada ya nyingine.

Gia

Watu wengi huamini kwamba baiskeli ya mjini haiwezi kupanda mlima mpaka iwekewe gia 18 au 21. Mabadiliko hayo ni ghali, yanahitaji gurudumu jipya la nyuma, na mara nyingi mdomo wa fremu hauyapokei bila kazi ya ziada. Ipo njia nyepesi: kubadilisha idadi ya meno ya nyuma.

Baiskeli yetu ilikuwa na meno 32 mbele na 14 nyuma. Katika gia ya kati, mzunguko mmoja wa pedeli uliisogeza mita 4.8 hivi, katika gia ya chini, mita 3.5. Habu ya gia tatu hushikilia sproketi yake kwa pete ya waya tu, kwa hiyo fundi aliitoa na kuweka yenye meno 16 kwa muda mfupi. Sasa gia ya kati inatusogeza mita 4.2, na ya chini mita 3.1. Kilima kilichotulazimisha kushuka na kusukuma sasa tunakipanda tukiwa tumeketi. Gia ya juu nayo ilishuka kutoka mita 6.5 hadi 5.7, lakini hatukuiona hasara hiyo: hatukimbizani na mtu.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza, msipite kiasi. Watengenezaji wa habu za gia za ndani huweka mpaka wa uwiano kati ya meno ya mbele na ya nyuma, kwa sababu sproketi kubwa mno ya nyuma huipa mitambo ya ndani mkazo usioustahimili. Sisi tuliishia pale ambapo meno ya mbele ni mara mbili ya meno ya nyuma. Ya pili, kila meno yanapoongezeka, mnyororo huhitaji urefu zaidi. Kwa meno mawili ilitosha kusogeza ekseli mbele kwa milimita 6 hivi. Kwa meno manne itabidi kuongeza pingili mbili.

Tukiwa hapo, pimeni mnyororo wenyewe. Pingili 24 za mnyororo mpya, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, hufika inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na moja ya nane, mnyororo umekwisha. Ukiuacha utakula meno ya sproketi mpya mliyoinunua.

Kiti na usukani

Kiti kikiwa chini mno, magoti huumia. Ketini, wekeni kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila nyonga kuyumba. Hicho ndicho kimo cha kuanzia.

Mnapoinua kiti au usukani, tafuteni alama iliyochongwa kwenye bomba lake. Alama hiyo huonyesha kiasi kidogo kabisa cha bomba kinachopaswa kubaki ndani ya fremu. Isionekane kwa nje kamwe. Ikiwa kimo chenu kinadai bomba refu zaidi, nunueni refu lenye kipenyo kilekile. Msikubali fundi ajazie kipande cha bati ili bomba jembamba likae.

Mzigo na abiria

Keria nzuri ina uzito unaoruhusiwa uliochapwa juu yake, mara nyingi kilo 18 au 25. Namba hiyo ni ya keria, wala haisemi lolote kuhusu nguvu za miguu yenu. Mtu mzima hupita uzito huo mara mbili au zaidi. Tunajua kwamba baiskeli nchini mwetu zimebeba watu, magunia na mkaa miaka mingi. Tunajua pia kwamba baiskeli hizo huwa zimeongezewa vyuma na kufungwa keria nzito za kuchomelea. Keria nyembamba ya baiskeli ya mjini siyo hiyo.

Mzigo mzito ukae nyuma na chini, ukiwa umegawanywa pande mbili sawa. Kikapu cha mbele kibaki kwa vitu vyepesi, kwa kuwa uzito wake huyumbisha usukani. Kamba zote ziishie kwenye fundo. Ncha inayoning'inia huingia kwenye spoku.

Kuhusu mtoto, tunasema kwa msisitizo. Mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoku za nyuma huumia vibaya, na hutokea kwa kupepesa jicho. Mtoto asikalishwe juu ya keria tupu. Awe na kiti chake chenye mkanda na mahali pa kuweka nyayo, keria iwe imeandikwa uzito unaotosha kumbeba yeye pamoja na kiti, na pande zote mbili za gurudumu ziwe na kinga. Vitu hivyo vikikosekana, mtoto atembee.

Taa

Baada ya jua kuzama, swali si kama ninyi mnaiona njia, bali kama dereva anawaona ninyi. Wekeni taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na viakisi kwenye pedeli na spoku. Dinamo inayosuguana na tairi hufanya kazi bila betri, lakini hulala baiskeli inaposimama. Taa ndogo ya betri nyuma huziba pengo hilo. Hakikisheni mzigo haufuniki taa ya nyuma.

Fedha na risiti

Tuseme baiskeli imenunuliwa kwa shilingi 200,000. Ushauri wetu ni kuwa uboreshaji wote usizidi nusu ya bei hiyo, na fedha ya kwanza itoke kwa raba za breki, waya, tairi na mnyororo. Ikiwa orodha yenu inavuka nusu kabla ya kufika kwenye gia, huenda baiskeli hiyo haikuwa rahisi kama bei yake ilivyodai. Ni heri kulijua hilo kabla ya kununua, kwa kuandika orodha kwenye karatasi mkiwa bado dukani na fedha ikiwa bado mfukoni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wekeni daftari dogo la baiskeli: namba ya fremu, namba za tairi, idadi ya meno, tarehe ya kila kifaa kilichobadilishwa, na risiti zake. Daftari hilo litawasaidia kwa fundi, litawasaidia baiskeli ikiibiwa, na litawasaidia mbele yetu.

Sasa turudi kwa mlalamikaji wetu na kibao cha ukutani. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inatambua kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo, na kwamba mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa hizo kazi anayoikusudia, akautegemea utaalamu wake, ana haki ya kutarajia bidhaa inayofaa kwa kazi hiyo. Kibao hakigeuzi maelezo yasiyo kweli yakawa kweli.

Tulimwuliza bwana yule: ulimwambia muuzaji tairi ni za baiskeli gani? Akajibu kwamba alibeba hata tairi kuukuu, akaambiwa, "Ni hizihizi." Tulimwuliza kama ana risiti. Hakuwa nayo, alikuwa na ujumbe wa malipo ya simu, unaoonyesha kiasi na tarehe lakini si bidhaa. Tukaenda naye. Muuzaji alipowekewa tairi mbili kando kwa kando, 590 na 559, alizitazama kimya, kisha akaingia stoo na kutoka na tairi sahihi. Alikiri kwamba miaka yote alikuwa akiuza kwa namba kubwa tu.

Basi nani mwenye kosa? Muuzaji alitoa maelezo yasiyo sahihi, na wajibu wa kurekebisha ulikuwa wake. Hata hivyo, bwana yule angeokoa nauli, siku mbili za kazi na fedheha ya kubishana mbele ya watu kama angejua mambo matatu, ambayo sasa tunayakabidhi kwenu. Tajeni kazi ya kifaa kabla ya kulipa. Tajeni kipimo chake kwa namba. Daini risiti iliyoandika vyote viwili.

Baiskeli yetu ya ofisini bado ipo. Haikupakwa rangi mpya, na keria yake imepinda kidogo tangu siku ile ya mayai. Lakini kila asubuhi, kabla mtu hajaipanda, huisukuma hatua tatu na kubana breki. Fanyeni nanyi vivyo hivyo na yenu.